Wadudu wa mzoga: Yupi anamfilisi mfugaji, yupi anamlipa?

MFUGAJI wa kuku wa mayai anayeweka kumbukumbu za matumizi yake anajua kwamba chakula ndicho kinachomeza fedha zake. Kwa kawaida huchukua kati ya asilimia 60 na 70 ya gharama zote za ufugaji, na ndani ya chakula hicho sehemu ghali zaidi ni protini, yaani soya, mashudu ya alizeti na dagaa. Pumba zikipanda bei mfugaji hununa tu. Dagaa na soya vikipanda, hupunguza kuku au huanza kutafuta njia ya mkato.

Njia ya mkato inayozungumzwa sana miaka hii ni mabuu wa nzi, ambao wengi mitaani huwaita funza. Habari yenyewe si ya uongo. Kuku wa kienyeji wamekula wadudu tangu enzi, na bibi zetu waliwavunjia vichuguu ili wapate mchwa. Tatizo ni kwamba wapo walioishia kusikia maneno “mabuu wana protini”, wakaondoka kabla mtaalamu hajamaliza kuzungumza. Hao ndio wanaoning'iniza kichwa cha mbuzi au mzoga wa ndama juu ya banda, ili mabuu wadondoke na kuku wajiokotee. Wanakiita chakula cha bure.

Kukiita cha bure ni kukosea hesabu. Mzoga ni kama gulio. Kila mdudu hufika kwa saa yake, hufuata bidhaa yake, na humwachia mwenye mfugo hasara au faida ya aina yake. Kuwachanganya wote kwa jina moja la funza kumewagharimu wafugaji kuku, wachuuzi wa dagaa mitaji, na wakati mwingine familia nzima afya yao. Makala haya yanawalinganisha wadudu hao kwa macho ya mtu wa hesabu.

Anayefika kwanza

Mnyama akifa mchana wa jua, nzi wa kwanza hutua kabla hajapoa. Hao ni nzi wa mizoga, wenye rangi ya kijani au buluu inayong'aa kama bati jipya. Kwetu wapo wa jamii ya Lucilia na wa jamii ya Chrysomya. Jike mmoja hutaga mayai 150 hadi 200 hivi kwa mkupuo, na huyaweka penye unyevu: machoni, puani, mdomoni, kwenye jeraha, chini ya mkia. Katika joto la mikoa yetu mayai huanguliwa ndani ya siku moja. Mabuu hula kwa muda usiozidi wiki moja hivi, kisha huacha mzoga na kujichimbia udongoni.

Kinachowatofautisha na wengine ni kwamba wanahitaji nyama mbichi yenye maji. Nyama ikishakauka hawana kazi nayo. Hilo lina faida kwa mwenye bucha na kwa mwanika samaki. Mtaliano Francesco Redi alionyesha mwaka 1668 kwamba nyama haizai funza yenyewe: aliweka nyama kwenye vyombo, vingine akaviacha wazi na vingine akavifunika, na funza wakaonekana kwenye vile vilivyoachwa wazi tu. Zaidi ya miaka 350 baadaye, bado kuna bucha zisizo na wavu dirishani na wenye bucha wanaolalamika kwamba nyama ya jana imeharibiwa na joto. Joto lina sehemu yake, lakini wavu ni gharama ya siku moja.

Katika jamii hiyo hiyo yumo mmoja mbaya zaidi, Chrysomya bezziana, ambaye hasubiri mnyama afe. Hutaga kwenye jeraha la mnyama aliye hai, kitovu cha ndama aliyezaliwa jana, au sikio lililotobolewa kuwekwa hereni, na mabuu wake hula nyama hai. Mfugaji anayekagua vidonda kila siku hamwogopi. Anayekagua siku ya mnada tu, humjua kwa harufu.

Shingo inapolegea

Turudi kwenye mzoga ulioning'inizwa juu ya banda. Ndani ya mzoga unaooza, mahali hewa isipofika, hustawi bakteria aitwaye Clostridium botulinum. Bakteria huyo hutengeneza sumu inayozuia mishipa ya fahamu kuamuru misuli. Mabuu hula nyama yenye sumu hiyo nao hawadhuriki, bali huibeba mwilini kama gunia linavyobeba mahindi. Kuku akidonoa mabuu wachache tu, mzigo umeshuka kwake.

Dalili zake ndizo zinazowapoteza wafugaji. Kuku huanza kulegea miguu, mabawa yakashuka, kisha shingo ikalala chini kama kamba iliyolowa. Mfugaji akiona kuku wenye shida ya shingo hukimbilia kusema kideri. Lakini katika kideri shingo hupinda na kujinyonga, na mara nyingi huambatana na kuhema kwa shida na kuharisha kijani. Katika ugonjwa huu shingo hulegea. Anayechanja kuku wake kideri kwa ratiba na bado akaona shingo zimelala, atazame kwanza kuku hao wamekula nini, na amwite mtaalamu wa mifugo kabla ya kununua dawa yoyote.

Sasa tuweke hesabu. Tuchukue mfano wa mfugaji mwenye kuku 200 wa mayai. Bei ni za mfano tu, msomaji aweke za kwake. Kuku mmoja hula gramu 120 hivi kwa siku, kwa hiyo banda zima linahitaji kilo 24. Tuseme mabuu wa bure wanaziba sehemu ya kumi, yaani kilo 2.4. Chakula kikiwa Sh1,500 kwa kilo, ameokoa Sh3,600 kwa siku, au Sh108,000 kwa mwezi. Kuku anayetaga akiwa na thamani ya Sh15,000, vifo vya kuku wanane vinafikia Sh120,000. Akiba ya mwezi mzima imekwisha na deni limebaki, kabla hatujahesabu mayai ambayo kuku hao wangetaga.

Isitoshe, akiba hiyo yenyewe nimeikadiria kwa ukarimu. Takriban theluthi mbili za uzito wa mabuu mabichi ni maji. Ili kuziba kilo 2.4 za chakula kikavu unahitaji karibu kilo 7 za mabuu kila siku. Mzoga mmoja hauwezi kutoa kiasi hicho siku 30 mfululizo, kwani baada ya wiki moja nzi hawa wamemaliza shughuli yao. Mfugaji angehitaji mizoga mipya kila mara, na mfugaji mwenye mizoga mipya kila mara ana tatizo kubwa kuliko bei ya soya.

Wapo wanaouliza kama kuwachemsha mabuu kutasaidia. Ni kweli sumu yenyewe huvunjika ikichemshwa vizuri. Vijimbegu vya bakteria huyo, hata hivyo, huvumilia maji yanayochemka, na mkaa nao si bure.

Mzoga usiofaa kuguswa

Kuna mzoga ambao hata mjadala wa mabuu haupaswi kuufikia. Ng'ombe aliyekula vizuri jana na leo amekutwa amekufa, tumbo limefura haraka, damu nyeusi isiyoganda inatoka puani au nyuma: huyo achukuliwe kuwa amekufa kwa kimeta mpaka mtaalamu aseme vinginevyo. Asichunwe wala asipasuliwe. Vijidudu vya kimeta vikikutana na hewa hujigeuza kuwa vijimbegu vigumu vinavyoweza kuishi udongoni miaka mingi. Mikoa ya Arusha na Kilimanjaro inaufahamu ugonjwa huu kwa uchungu, na mara nyingi anayeumwa baada ya ng'ombe ni mchunaji na waliogawana nyama.

Nzi wa mizoga wana mchango wao hapa. Utafiti uliofanyika katika Hifadhi ya Taifa ya Kruger, Afrika Kusini, na kuchapishwa mwaka 1990, ulieleza jinsi nzi hao wanavyonyonya damu na majimaji ya mnyama aliyekufa kwa kimeta, kisha wakatua kwenye majani ya miti ya jirani na kuyachafua kwa matapishi na kinyesi chao. Tandala wanaokula majani hayo huambukizwa bila hata kuugusa mzoga. Mbuzi na ngamia nao ni wala majani ya vichakani. Kwa hiyo mzoga uliotupwa porini “mbali na boma” haupo mbali hata kidogo ikiwa mbuzi hupita hapo kesho yake.

Zamani kazi ya kuondoa mizoga ilifanywa na tai, bila malipo. Kundi la tai humaliza ng'ombe kabla mabuu wengi hawajakomaa. Utafiti uliofanyika katikati ya Kenya na kuchapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba mahali ambapo tai hawakufika, muda wa mzoga kuoza uliongezeka karibu mara tatu. Ndege hao wamepungua sana, na sababu mojawapo ni sisi wenyewe: mfugaji akitia sumu kwenye mzoga ili aue simba au fisi aliyekula ng'ombe wake, tai ndio hufa kwa wingi. Ukame wa mwaka 2020 hadi 2023 uliua mifugo zaidi ya milioni 2 nchini Kenya peke yake. Mtu anaweza kujiuliza mizoga hiyo ilimalizwa na nani, na jibu ni kwamba sehemu kubwa iliachiwa nzi.

Anayengoja pakauke

Nzi wakishaondoka, wengi hudhani gulio limefungwa. Kwa mfanyabiashara wa ngozi na wa dagaa ndipo linapofunguliwa. Anakuja mbawakawa wa ngozi, kwa jina la kitaalamu Dermestes maculatus: mdudu mweusi mgongoni, mweupe tumboni, mwenye urefu usiofika sentimita moja. Mtoto wake ni wa kahawia na ana manyoya mengi. Tofauti na nzi, huyu hutaka vilivyokauka: ngozi, kano, samaki mkavu. Majumba ya makumbusho duniani humfuga kwa makusudi ili asafishe mifupa, na humaliza nyama yote kwenye fuvu bila kulikwaruza. Uwezo huo huo ndio anaouleta ghalani.

Nzi ni mwizi wa mchana, kila mtu anamwona na kumfukuza. Mbawakawa huyu hufanya kazi gizani, katikati ya rundo. Kwenye ngozi huanza na vipande vya nyama na mafuta ambavyo mchunaji mvivu aliviacha, kisha hutoboa ngozi yenyewe. Tundu moja katikati ya ngozi linatosha kuishusha daraja, kwa sababu kiwanda hukata vipande vikubwa kutoka hapo hapo katikati. Kwenye dagaa huacha mifupa na unga, na kwa kuwa gunia huuzwa kwa kilo, mchuuzi hulipia safari ya bidhaa ambayo imekwishaliwa.

Jambo la kuzingatia kiuchumi ni muda. Katika joto la nyuzi 30 hivi, mdudu huyu hutoka yai hadi kukomaa kwa wiki tano hadi saba, na jike mmoja hutaga mayai kwa mamia. Mzigo ukikaa ghalani mwezi mmoja, uharibifu unaweza kuwa mdogo kiasi cha kutoonekana. Ukikaa miezi mitatu, wajukuu wameshaanza kula. Wafanyabiashara wetu wengi hupenda kushikilia mzigo wakisubiri bei ipande. Ni mbinu halali, ila wajue mbawakawa ni kama riba ya mkopo, hulipwa kila siku bei ikipanda au isipopanda. Mwenye mzigo wa dagaa katika soko la Kirumba, Mwanza, anayesubiri wanunuzi kutoka Kongo, aulinganishe mwezi mmoja wa kusubiri na kilo atakazopoteza kwa gunia, asitazame bei peke yake.

Kinga yake inajulikana na si ya ajabu. Nyama na mafuta yaondolewe vizuri kwenye ngozi. Ngozi iwambwe kwenye fremu kivulini au ipakwe chumvi, kwa kawaida kilo 3 hadi 4 kwa kila kilo 10 za ngozi mbichi. Ile inayoanikwa chini hukauka juu ikabaki mbichi upande wa udongo, na hivyo huwakaribisha nzi na mbawakawa kwa pamoja. Nakubali kwamba bei ya ngozi inapokuwa chini, chumvi haimlipi kila mtu. Katika hali hiyo ni afadhali kumuuzia mkusanyaji ngozi mbichi siku hiyo hiyo kuliko kuiweka wiki nne bila chumvi na kuuza matundu.

Kwa dagaa, kuanika kwenye chanja badala ya mchangani, kutia chumvi pale wanunuzi wanapoikubali, na kuupa mzigo joto linalozidi nyuzi 50 kwa saa kadhaa ndani ya hema la nailoni, huua mayai na watoto wa mdudu huyu. Kupulizia dawa ya mende juu ya samaki, kama wengine wanavyofanya kwa siri, ni kuuza sumu kwa kilo.

Pamoja naye huonekana binamu yake mdogo, wa buluu inayong'aa na miguu myekundu. Wafanyabiashara wa mbata huko Pwani na visiwani wanaweza kumtambua, kwa kuwa hula mbata kama anavyokula samaki mkavu. Ukimwona ghalani hesabu kwamba mzigo umekaa mno.

Yule anayelipa

Mdudu anayefugwa katika mashamba ya nzi ni mwingine kabisa. Ni nzi askari mweusi, Hermetia illucens, mwenyeji wa Marekani ya kitropiki ambaye sasa ameenea dunia nzima. Umbo lake hufanana na nyigu lakini hana mwiba. Akishakuwa na mabawa hali chakula, hutumia mafuta aliyojiwekea akiwa buu, hutaga mayai yapatayo 500 kwenye nyufa zilizo karibu na taka, kisha hufa baada ya siku chache. Hatui kwenye sahani ya wali akitoka chooni. Buu wake hula taka laini kwa wiki mbili hivi, na akikomaa huondoka mwenyewe kwenye chakula akipanda juu kutafuta mahali pakavu, kwa hiyo mfugaji huweka njia ya mteremko na ndoo. Akikaushwa, protini yake hufikia kama asilimia 40, na yanayobaki baada yake ni mbolea.

Kumtofautisha si vigumu. Buu wa nzi wa mizoga ni mweupe, laini, amechongoka upande wa mdomo na upande wa nyuma ni butu. Buu wa nzi askari ni bapa, ngozi yake ni ngumu yenye pingili, na akikomaa huwa kahawia iliyokolea. Lakini umbo halitoshi. Nzi askari naye huweza kuufikia mzoga, ila huja kwa kuchelewa, wiki kadhaa baada ya mnyama kufa. Mabuu wake waliolelewa kwenye mzoga hawana usalama kuliko wale wengine. Kinacholinda kuku ni kile mabuu walichokula.

Ndiyo maana masharti ya Ulaya yamekaa hivyo. Umoja wa Ulaya uliruhusu protini ya wadudu katika chakula cha samaki mwaka 2017, na katika chakula cha kuku na nguruwe mwaka 2021. Katika orodha ya wadudu wanaokubalika, nzi ni wawili tu, nzi askari mweusi na nzi wa nyumbani. Nzi wa mizoga hayumo. Hata hao wawili hawaruhusiwi kulishwa nyama, mabaki ya hotelini wala samadi. Wazungu hao walijifunza kwa gharama: ugonjwa wa ng'ombe wenye kichaa, uliotambuliwa Uingereza mwaka 1986, ulisambazwa na chakula kilichotengenezwa kwa mabaki ya wanyama. Jirani zetu wa Kenya na Uganda walitoa viwango vyao vya wadudu wakavu kwa chakula cha mifugo mwaka 2017.

Je, nzi askari anamlipa kila mtu? Hapana, na hapa natofautiana na wauza semina. Kilo 100 za taka mbichi humpa mfugaji makini kilo 10 hadi 20 za mabuu wabichi. Yule mwenye kuku 200 anayehitaji kilo 7 kwa siku, atahitaji kilo 35 hadi 70 za taka kila siku, sawa na tani moja hadi mbili kwa mwezi. Aliye jirani na soko la matunda na mboga anaweza kuzipata kwa gharama ya kijana mmoja na mkokoteni. Aliye kijijini, ambako maganda na mabua tayari yanaliwa na ng'ombe na mbuzi, atajikuta analipia pikipiki kubeba taka, na hapo soya inaweza kuwa rahisi. Wanaofanikiwa zaidi ni wale ambao taka zinawafuata wenyewe, au wanaolipwa kuziondoa.

Kwa anayenunua mabuu wakavu gulioni badala ya kufuga, maswali ya kumuuliza muuzaji ni mawili: amewalisha nini, na taka hizo zinatoka wapi. Muuzaji wa kweli atakupeleka ukaone mapipa yake, maana harufu yake ni ya matunda yaliyochachuka, si ya mzoga. Na ndama aliyekufa achomwe au afukiwe shimo la mita mbili, siku hiyo hiyo, kabla nzi wa kijani hawajamaliza kutaga.